Mkanda wa jeshi, malengelenge na kirusi cha nguruwe

Mtu aliyeugua tetekuwanga akiwa darasa la pili anaweza, akiwa tayari ana wajukuu, kuamka asubuhi moja na kukuta malengelenge yamempanda ubavuni, upande mmoja tu wa mwili, yakiuma hata shuka ikimgusa. Huo ndio mkanda wa jeshi. Miaka ya 1980 na 1990, UKIMWI ulipokuwa unaenea, wengi waliuogopa kwa kuwa ulionekana sana kwa watu waliopungukiwa kinga, na mgonjwa alinyoshewa vidole kabla hata hajapimwa. Hadi leo wapo wanaouficha kwa sababu hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba uzee peke yake unatosha kuuleta. Kinachousababisha ni kirusi kile kile cha tetekuwanga ya utotoni, ambacho hakikuwahi kutoka mwilini.

Miaka yote hiyo kilikuwa kimekaa ndani ya seli za neva, katika mafundo yaliyopangana kando ya uti wa mgongo. Kirusi cha familia hiyo hiyo kinacholeta vidonda vya homa mdomoni hujificha katika fundo la neva za uso, ndani ya fuvu. Kile kinacholeta malengelenge sehemu za siri hukaa katika mafundo ya chini ya mgongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanacho hicho cha mdomoni, na watu milioni 520 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wanacho cha sehemu za siri. Dawa tulizonazo, kama asikloviri, hukizuia kirusi kinapozaliana. Kikishalala, hazikigusi.

Ili kujua kinalalaje na huamshwa na nini, inabidi kuitazama neva ikiwa hai, na hakuna daktari atakayempasua mtu mzima mgongo ili achungulie. Kibaya zaidi, kirusi cha tetekuwanga ni cha binadamu hasa. Ukimpa panya, hakimletei ugonjwa kama wetu. Kwa miongo kadhaa sasa, sehemu kubwa ya majibu tuliyo nayo imetoka kwa kirusi cha nguruwe.

Wapo wasomaji ambao hata jina la mnyama huyo hawapendi kulisikia nyumbani mwao, na ninawaheshimu. Niwaambie tu kwamba utafiti mwingi nitakaoueleza hapa hufanywa kwenye visahani vya maabara, kwa seli za neva za panya. Niseme pia kwamba kirusi hiki hakihusiani na homa ya nguruwe ya Afrika, ile iliyoelezwa kwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921 na daktari wa mifugo Robert Eustace Montgomery, na ambayo hadi leo humaliza mabanda ya wafugaji wetu. Ile ni familia nyingine kabisa ya virusi.

Hiki chetu kilianza kujulikana Budapest. Mwaka 1902 mtaalamu wa Hungaria, Aladár Aujeszky, alieleza ugonjwa uliomshika ng'ombe, mbwa na paka, ulioonekana kama kichaa cha mbwa lakini uliua haraka zaidi. Ndiyo maana ukaitwa kichaa cha mbwa cha uongo, na wengine wakauita kwa jina lake, ugonjwa wa Aujeszky. Marekani wafugaji walikuwa na jina lao: muwasho wa wazimu. Ng'ombe aliyeambukizwa hujikuna kwenye nguzo na kujilamba mahali pamoja mpaka ngozi inachunika na nyama inaonekana, na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache.

Mwaka 1931 Richard Shope, aliyekuwa Taasisi ya Rockefeller katika mji wa Princeton, alichunguza muwasho huo kwa ng'ombe wa Iowa akaonyesha kuwa ni ugonjwa ule ule wa Hungaria. Baadaye akafuatilia chanzo chake, akakifikia bandani kwa nguruwe. Nguruwe wazima walikuwa nacho, wakikohoa kidogo au wakipoteza hamu ya kula, kisha wakaendelea na maisha. Ng'ombe waliokuwa jirani nao ndio waliokufa.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu linafanana mno na hali yetu. Nguruwe mzima hupata mafua ya siku chache, kisha kirusi hupanda kwenye fundo la neva za uso na kulala humo maisha yake yote. Akisafirishwa kwa lori, akizaa, au akipata msukosuko mwingine, kirusi huamka na kuanza kutoka puani. Kwa watoto wake walio chini ya wiki mbili hali ni nyingine: karibu wote wanaoambukizwa hufa. Sasa mtazame binadamu. Kirusi kinachomletea mama vidonda vidogo vinavyopona vyenyewe kinaweza kumuua mtoto wake mchanga akikipata wakati wa kuzaliwa. Mpangilio ni mmoja: mtu mzima kinaishi naye, mtoto kinamuua, na ndani ya neva kina makazi ya kudumu.

Kufanana huko kuna mizizi. Wataalamu wa uainishaji wamekiweka kirusi hiki cha nguruwe katika jenasi moja na kirusi cha tetekuwanga, na virusi vya malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri viko katika jenasi ya jirani. Jeni nyingi vinazo kwa pamoja, zimepangwa kwa mfuatano unaokaribiana. Hata mlango wa kuingilia katika seli, protini iitwayo nektini-1, hutumiwa na kirusi cha nguruwe na pia na virusi vya malengelenge ya binadamu. Kundi la Patricia Spear huko Chicago lilionyesha hivyo mwaka 1998.

Kwa bahati njema, kazi iliyokipa kirusi hiki umaarufu mkubwa ilifanyika tena Princeton, safari hii katika chuo kikuu cha mji huo, chini ya Lynn Enquist. Maabara yake ilitumia kifaa ambacho Robert Campenot alikibuni miaka ya 1970, na ningependa msomaji akione. Ni pete ya Teflon yenye kuta mbili ndani, zinazoigawa kuwa vyumba vitatu. Kwanza sakafu ya kisahani huchanjwa mikwaruzo myembamba sambamba. Pete hupakwa grisi ya silikoni chini na kubandikwa juu ya mikwaruzo hiyo. Katika chumba cha kwanza hupandwa seli za neva kutoka kwa vijusi vya panya. Baada ya wiki kadhaa seli hizo huwa zimetoa mikia yao mirefu, iitwayo aksoni. Mikia hufuata mikwaruzo, hupenya chini ya ukuta wa kwanza, hukatiza chumba cha kati, hupita chini ya ukuta wa pili, na kutokeza chumba cha tatu. Grisi huzuia maji ya chumba kimoja yasiingie kingine. Kwa hiyo kitu pekee kinachounganisha chumba cha kwanza na cha tatu ni neva zenyewe.

Hapo maswali yaliyokuwa hayajibiki yakaanza kujibika. Tia kirusi chumba cha kwanza, iliko miili ya seli, kisha kesho yake pima maji ya chumba cha tatu. Ukikikuta humo, basi kimesafiri ndani ya aksoni kwenda nje, safari ile ile inayofanywa na kirusi cha tetekuwanga kinapotoka mgongoni kwenda kwenye ngozi na kuchora mkanda. Kitie chumba cha tatu, nawe umeiga safari ya kwanza, ya kutoka kwenye ngozi kuelekea kwenye fundo la neva. Watafiti walikibandika protini inayong'aa kijani, iliyotokana na yavuyavu wa baharini, wakaweza kukitazama kwa hadubini kikipita kwenye aksoni, nukta moja moja, kikivutwa na mota za seli yenyewe: daineini hukivuta kuelekea kwenye kiini, kinesini hukisukuma kuelekea nje.

Ufunguo wa safari ya nje ulikuwa umekaa ndani ya chupa ya chanjo. Miaka ya mwanzo ya 1960, Adorján Bartha, naye wa Hungaria, alikiotesha kirusi hiki kwenye seli tena na tena mpaka kikapoteza ukali, kikawa chanjo ya nguruwe. Baadaye walipokichunguza waligundua kuwa kimepoteza kipande cha DNA chenye jeni za protini mbili za utando wake wa nje, gE na gI, na ya tatu ndogo iitwayo Us9. Kwenye pete ya Campenot, kirusi kisicho na protini hizo huingia aksoni na kupanda hadi kwenye kiini bila taabu. Kurudi nje ndiko kunakokishinda. Virusi vya malengelenge ya binadamu navyo vina gE, gI na Us9, na huzitegemea kwa safari hiyo.

Udhaifu huo wa kirusi cha Bartha uligeuka kuwa kipaji. Kwa kuwa husafiri upande mmoja tu, kutoka seli ya neva kurudi kwa ile inayoiamrisha, ukikidunga kwenye kiungo fulani cha panya kitapanda hatua kwa hatua kuelekea ubongoni na kuacha alama katika kila seli iliyohusika. Mwaka 1995 kundi la Arthur Loewy huko St. Louis, likishirikiana na Thomas Mettenleiter wa Ujerumani, lilidunga virusi viwili vyenye alama tofauti: kimoja kwenye fundo la neva linalohudumia moyo, kingine kwenye tezi ya adrenali. Ubongoni walikuta seli zilizobeba alama zote mbili. Zilikuwa seli zinazoamrisha moyo na tezi kwa pamoja, zile zinazotuandaa kupigana au kukimbia tunaposhtuka. Maabara nyingi duniani zimekitumia kirusi hicho kuchora ramani za namna hiyo, za tumbo, za figo, za jicho. Nadhani ni haki kusema kuwa wanasayansi wa ubongo wanadaiwa na chanjo ya mifugo shukrani kubwa.

Turudi kwenye usingizi wa kirusi. Mwaka 2017 Orkide Koyuncu na wenzake wa Princeton walichapisha jaribio ambalo kwangu ndilo lililo karibu zaidi na swali la mkanda wa jeshi. Waliweka virusi vichache tu vya nguruwe chumba cha tatu, mwishoni mwa aksoni. Virusi vilipanda, DNA yao ikafika kwenye viini vya seli, ikanyamaza kimya. Hakuna kirusi kipya kilichozaliwa. Walipopeleka kwenye miili ya seli zile protini zinazokaa kati ya ganda la ndani na utando wa nje wa kirusi, DNA haikunyamazishwa. Uzazi ulianza mara moja. Walipoiwekea seli kemikali zinazoiga msukosuko, uzazi ulianza pia, ila taratibu, kwa njia nyingine inayopitia vimeng'enya vya seli yenyewe. Kwa maneno mengine, kulala si tabia ya kirusi peke yake. Kunategemea umbali kilikotoka, idadi ya vilivyofika pamoja, protini kilizofika nazo, na hali ya seli iliyokipokea. Anayepata vidonda vya homa mdomoni kila anapougua malaria au kuchomwa na jua kwa muda mrefu anaijua njia hiyo ya pili kwa mwili wake.

Wanaokifanyia kazi kirusi hiki huonya kwamba jenasi moja si kirusi kimoja. Mfano mzuri ni protini iitwayo gD. Kirusi cha malengelenge ya binadamu kisipokuwa nayo hakiingii kwenye seli, wala hakipiti kutoka seli moja hadi ya jirani. Cha nguruwe kinaihitaji kuingia tu. Kikishaingia, hupita kwa jirani bila hiyo. Na cha tetekuwanga hakina gD kabisa. Ukiwa na hivyo vitatu mezani, hiki cha nguruwe kikisimama katikati, unaanza kuelewa jinsi familia hii ilivyoweza kuacha chombo kilichoonekana cha lazima. Ukiwa na kimoja tu, ungeandika kitabu kizima cha makosa. Kuna hata mabishano ambayo hayajaisha: kirusi cha nguruwe husafiri ndani ya aksoni kwenda nje kikiwa kimekamilika ndani ya utando wake, ilhali cha malengelenge ya binadamu kimeonekana na baadhi ya watafiti kikisafiri vipande vipande.

Kazi nyingine kubwa imefanyika Ujerumani, kisiwani Riems, ambako Friedrich Loeffler alianzisha kituo cha utafiti wa virusi mwaka 1910. Huko Mettenleiter na wenzake walionyesha kuwa protini mbili tu za kirusi cha nguruwe zinatosha kuukunja utando wa kiini cha seli na kutengeneza vifuko, njia ambayo ganda lililojaa DNA hutumia kutoka kwenye kiini. Protini hizo zipo katika familia nzima ya virusi hivi, iitwayo herpesi, kwa hiyo atakayepata dawa ya kuzibana atakuwa amegusa virusi vingi kwa mpigo.

Upande wa mifugo faida zimeonekana zamani. Mwaka 1986 chanjo ya Saul Kit wa Houston, ya kirusi cha nguruwe kilichoondolewa jeni ya kimeng'enya kimoja, iliidhinishwa Marekani. Ndiyo iliyokuwa chanjo ya kwanza hai ya uhandisi jeni kupewa kibali. Kisha zikatumika chanjo zisizo na gE. Nguruwe aliyechanjwa hana kingamwili za gE, aliyeambukizwa anazo, na kipimo cha damu huwatenganisha. Ujerumani ilijitangaza kuwa haina tena ugonjwa huu mwaka 2003, na mabanda ya biashara ya Marekani yakasafishwa mwaka uliofuata, ingawa nguruwe pori wa huko bado wanacho.

Kwa muda mrefu ilielezwa kuwa kirusi hiki hakimdhuru binadamu, na hiyo ilikuwa moja ya sababu za kukipenda maabara. Sasa tahadhari imeongezeka. Mwaka 2011 aina mpya kali iliibuka China katika mabanda yaliyokuwa yamechanjwa, na tangu mwaka 2018 madaktari wa huko wamechapisha taarifa za wagonjwa wa maambukizi ya ubongo, na wengine waliopata upofu, wengi wao wakiwa wachinjaji, wauza nyama na wafugaji, baadhi wakiwa wamejikata mikononi wakiwa kazini. Ni wachache mno ukilinganisha na mamilioni wanaoshika nguruwe kila siku. Hata hivyo anayefanya kazi hiyo anapaswa kuvaa glovu na kufunga jeraha lake.

Nguruwe ana herpesi nyingine pia, na moja ilijulikana ulimwenguni kwa huzuni. Tarehe 7 Januari 2022, hospitalini Baltimore, David Bennett, mwenye umri wa miaka 57, aliwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni. Akafariki tarehe 8 Machi. Ndani ya moyo ule kilikuwa kimelala kirusi kiitwacho saitomegalo cha nguruwe, ambacho vipimo vya pua ya mnyama havikukiona. Jina linapotosha kidogo, kwani ukoo wake wa karibu ni virusi vya binadamu vinavyoleta homa na upele kwa watoto wachanga. Hakuna ushahidi kwamba kiliambukiza seli za Bennett. Kilizaliana katika moyo wenyewe, na madaktari wanakihesabu miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo chake. Joachim Denner wa Berlin na wenzake walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 2020 kuwa mioyo yenye kirusi hicho ilidumu muda mfupi sana ndani ya nyani, huku misafi ikifika hadi siku 195. Somo lililotoka hapo ni la herpesi zote: kipimo kinachotafuta kirusi kinachotoka hakitakiona kile kilicholala, kwa hiyo kingamwili zipimwe pia.

Kundi la tatu la herpesi, baada ya lile la malengelenge na lile la saitomegalo, lina uhusiano na Kampala. Uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Mulago mwaka 1958 ndio uliowawezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964 mjini London, kukiona kirusi kilichopewa jina la Epstein na Barr, katika seli zilizotokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Leo karibu kila mtu mzima anacho. Kwa aliyepandikizwa kiungo, kinga ikiwa imedhibitiwa kwa dawa, kinaweza kuleta saratani ya chembe nyeupe za damu. Nguruwe wana ndugu wa kirusi hicho, na huko Boston nguruwe wadogo waliopandikizwa chembe za uboho walipata ugonjwa unaofanana sana na huo.

Kwetu hapa swali la kirusi kilicholala lina uzito wake. Mwenye malengelenge ya sehemu za siri huwa katika hatari ya takriban mara tatu ya kupata VVU. Kanda ya ziwa nchini Tanzania, watafiti waliwafuatilia wanawake 821 waliokuwa na kirusi hicho bila VVU. Baadhi walipewa asikloviri mara mbili kwa siku, wengine dawa bandia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa maambukizi ya VVU hayakupungua. Dawa inayosubiri kirusi kiamke ndipo ikibane haikuwalinda wanawake wale, na mimi naamini jibu litatoka kwenye kukizuia kisifike kwenye neva tangu mwanzo.

Njia moja ya kufanya hivyo inafanyiwa kazi sasa. Gregory Smith wa Chuo Kikuu cha Northwestern, aliyewahi kufanya kazi na Enquist, na wenzake walibadilisha sehemu ndogo ya protini iitwayo UL37, katika kirusi cha nguruwe na pia katika kile cha malengelenge ya mdomoni. Virusi hivyo huingia kwenye seli na kuzaliana, lakini vikiingia aksoni hushindwa kushika safari ya kwenda kwenye kiini. Mwili unakiona kirusi kizima na kujifunza kupambana nacho, na fundo la neva linabaki tupu. Mwaka 2020 walichapisha kuwa chanjo ya aina hiyo, ya kirusi cha mdomoni, iliwakinga simbilisi dhidi ya malengelenge ya sehemu za siri.